Madhabahu Si Duka la Kusafisha Tumbo



Leo nasema na wewe unayesimama mbele kutoa ushuhuda, kisha ibada ikiisha unafungua begi na kuuza makopo. Ushuhuda ni wa kumpa Mungu utukufu. Ukiishia kwa namba ya M-Pesa, hilo ni tangazo la biashara.

Sipingi mitishamba. Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la Hezekia. Paulo alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake. Lakini hakuna kati yao aliyelipwa kamisheni kwa kuleta watu watatu chini yake!

Mnawaambia akina mama kwamba sumu imejaa tumboni. Mungu alishatupa ini na figo, zinasafisha mwili usiku na mchana bila malipo. Baadhi ya hizo chai zenu zina sena, dawa ya kuharisha. Ukiendesha kutwa nzima, unapoteza maji na chumvi za mwili, halafu unaambiwa ni sumu inatoka.

Na alsa je? Mwaka 1984, daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori kuonyesha kwamba huleta ugonjwa tumboni. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Leo kuna kipimo cha choo, na tiba ni antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Wengine alsa zao zimeletwa na vidonge vya maumivu wanavyomeza kila siku. Utajuaje yako ni ipi kabla hujapimwa?

Mpendwa, ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukikonda bila sababu, au chakula kikikwama kooni, usinunue kopo. Nenda hospitali leo. Tutakuombea ukiwa kwenye foleni.

Kama ni kufunga choo tu, Mungu ameweka papai, maharagwe na sukuma wiki pale sokoni. Na unywe maji.

Na wewe muuzaji, soma Ezekieli 33. Mtu akichelewa kutibiwa kwa sababu alikuamini kama ndugu katika Bwana, utajibu nini siku ile?

Kuanzia Jumapili hii, makopo yabaki nje ya geti. Waliosikia waseme Ameni.