Nguzo Imefika Mlangoni, Taa Iwake Ndani

Ukitoka Kidatu kwenda Ifakara utaziona nguzo za umeme kandokando ya barabara. Waya zinapita Mang'ula, zinapita Kiberege, zinapita juu ya mapaa ya bati na juu ya mapaa ya nyasi. Serikali imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Hilo ni jambo kubwa, wala hatuna haja ya kulipunguza. Lakini kijiji kufikiwa ni jambo moja, na nyumba kuwaka taa ni jambo jingine. Chini ya waya hizo hizo wako ndugu zetu ambao giza likiingia huwasha kibatari au tochi, na watoto wao hufunga daftari kabla somo halijaisha. Wiki hii twasema juu yao, na juu ya ruzuku ambayo ni haki yao lakini bado haijawafikia.

Ruzuku yenyewe ni hii. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini, na Wakala huo, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007. Mwaka 2013 mwananchi wa kijijini alitakiwa kulipa shilingi 177,000 ili aunganishiwe umeme wa njia moja. Baadaye ada ilishushwa ikawa shilingi 27,000, na Januari 2022, bei za kuunganisha zilipopangwa upya, ada hiyo ya kijijini haikuguswa. Mita, waya na kazi vina thamani kubwa kupita fedha hizo. Tofauti hiyo ndiyo ruzuku.

Asitokee mtu akasema kwamba hiyo ni sadaka. Mwenye umeme na atazame risiti yake ya LUKU: ataona asilimia 3 imekatwa kwa ajili ya REA. Kijana wa bodaboda kila atiapo lita ya petroli hulipa tozo iendayo katika Mfuko huo huo. Mama asiye na umeme, akipanda bodaboda hiyo kupeleka mchele sokoni, huilipa tozo hiyo ndani ya nauli. Basi hata aliye gizani anachangia taa ya mwenzake. Anayedai ruzuku hii anadai kilicho chake.

Tena bonde letu lina haki ya kusema kwa sauti. Mitambo ya Kidatu, ya megawati 204, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 na ikakamilika mwaka 1980. Ile ya Kihansi, ya megawati 180, ilifunguliwa mwaka 2000. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwenye Mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika mto wetu wa Kilombero. Kwa miaka mingi umeme wa huku uliwasha viwanda vya Dar es Salaam, na wazee wetu wakaona nyaya kubwa zikiwapita juu kama ndege wahamao. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Yatupasa kuivunja methali hiyo.

Mbona basi nyumba nyingi hazijawaka? Tumekwenda matawini, tumeuliza, na majibu yanakuja kwenye masharti. Hebu tuyatazame moja moja, maana sharti usilolijua huwa ukuta, na ulijualo huwa ngazi.

Sharti la kwanza ni kitambulisho. Maombi ya umeme hupelekwa TANESCO, siku hizi kwa mfumo wa NIKONEKT ambao hutumika hata kwa simu, na mwombaji hutakiwa kutoa namba yake ya NIDA. Asiye na namba hiyo hukwama kabla hajaanza.

Sharti la pili ni nyumba kusukwa nyaya, na kazi hiyo lazima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, naye ndiye achoraye ramani ya nyaya na kugonga mhuri. Sharti hili lina maana, kwa kuwa nyaya mbovu huchoma nyumba na kuua watu. Lakini hapa ndipo penye mlima. Nyaya, swichi, soketi na ujira wa fundi hupita mbali ile 27,000. Mkulima wa mpunga huona fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Mkandarasi wa mradi akipita wakati wa palizi, nusu ya mashamba yakiwa chini ya maji, mkulima huyo atatoa nini? Mradi utaondoka, naye atabaki akiitazama nguzo.

Kwa ajili ya mtu huyo kuna dawa ambayo wengi hawajaisikia. Jina lake ni UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kifaa kidogo chenye swichi, soketi na mahali pa taa, hufungwa ukutani, na nyumba ya chumba kimoja au viwili hupata umeme bila kusukwa nyaya. Mwenye nyumba ndogo na akiulize kwa jina lake katika ofisi ya TANESCO.

Wengine wanaogopa bili. Hao nao wajue kwamba mita ya LUKU humpa mtu umeme wa fedha aliyolipa, wala deni halilali nyumbani. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, nyumba ndogo isiyopita uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ikizidi hapo, uniti za ziada hutozwa shilingi 350. Taa na kuchaji simu havifiki huko.

Sharti la tatu ndilo lenye dhuluma, nalo ni mpaka wa mji na kijiji. Katika bei hizo za Januari 2022, mtu wa mjini aliye ndani ya mita 30 toka kwenye nguzo alipangiwa shilingi 320,960. Akihitaji nguzo 1, shilingi 515,618. Akihitaji nguzo 2, shilingi 696,670. Sasa Ifakara ni Halmashauri ya Mji. Lakini ndani ya mipaka yake mna mashamba ya mpunga, mna nyumba za udongo, mna wavuvi na wafugaji. Mtu hawi tajiri kwa sababu kitongoji chake kimeandikwa mtaa. Wakulima wawili walime jaruba zilizopakana, wauze mpunga kwa mnunuzi mmoja, kisha mmoja alipe 27,000 na mwenzake alipe karibu mara 12 zaidi kwa sababu ya mstari uliochorwa katika karatasi! Sehemu za namna hii zimepewa hata jina, vijiji-miji, na zimesemwa Bungeni mara nyingi. Zilizokwisha kusemwa sasa zitendewe haki.

Tuangalie na wenzetu. Huko Uingereza shida yao ni baridi, na tangu mwaka 2022 serikali yao hutoa ruzuku kwa wenye nyumba katika Uingereza na Wales wanaofunga pampu ya joto. Mashine hiyo hufanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: kwa nguvu ya umeme huvuta joto la hewa ya nje na kulitia ndani ya nyumba. Oktoba 2023 ruzuku hiyo ilipandishwa toka paundi 5,000 hadi paundi 7,500 kwa pampu za hewa. Hatuisifii baridi yao, wala pampu hiyo haituhusu sisi wa bonde la joto. Tunatazama mambo mawili. La kwanza, ruzuku yao inaingia ndani ya nyumba na kulipia chombo chenyewe, ambapo yetu kwa wengi inakoma kwenye mita. La pili, mwenye nyumba hahangaiki na ofisi; fundi aliyesajiliwa ndiye anayeomba ruzuku kwa niaba yake, kisha huipunguza katika bei.

Kwa hiyo twatoa madai matatu. Kwanza, ada ifuate hali ya makazi na maisha ya watu, isifuate jina la halmashauri. Pili, ruzuku iingie ndani: UMETA itolewe kwa nyumba maskini, au gharama ya kusuka nyaya ikopeshwe na kulipwa kidogo kidogo baada ya mavuno. Tatu, miradi ya vitongoji, ambavyo nchi nzima ni 64,359, itangaziwe wananchi mapema, ili wavune wakijua fedha ile ni ya kazi gani.

Lakini madai bila kazi ni kelele. Kila tawi na liandike orodha ya nyumba zilizo chini ya waya na hazina umeme, na mbele ya kila jina liandike kinachokosekana: namba ya NIDA, nyaya, au ada. Vijana wanaojua simu wawasaidie wazee kujaza maombi, wala wasidai hata senti. Nyumba kumi zikichanga na kumwita fundi mmoja mwenye leseni, watapatana bei afadhali kuliko kila mtu peke yake. Orodha hizo zipelekwe kwa diwani na kwa mbunge, zikiwa na hesabu kamili.

Na jihadharini na vishoka. Hao huja na suruali ya kazi na maneno matamu, huchukua fedha za mjane, kisha hutoweka. Fundi asiyeonyesha leseni asiguse ukuta wako. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na TANESCO. Haitiwi mkononi mwa mtu.

Ndugu wananchi, maji ya bonde hili yamewasha nchi kwa nusu karne. Anza na jirani yako aliye gizani: muulize leo ni sharti gani lililomzuia, kisha lilete tawini.