MZEE, SINIA YAKO INA MAKABILA MANGAPI?

Msomaji wangu, wiki hii yamenikuta. Jumapili nilivaa shati la kuazima, nikapanda daladala toka Mwananyamala mpaka Mtoni Mtongani kujitambulisha kwa wazazi wa bibie. Shikamoo zikaitikiwa, mkeka ukatandikwa, sinia ikaja. Kabla sijanawa, mzee akauliza, "Kijana, kabila gani?" Nikamtajia. Akakohoa. "Basi ule, uende salama. Sisi hatuchanganyi."

Jamani, tonge litapita wapi? Nikabaki naikodolea macho ile sinia. Kidato cha nne hesabu zilinitupa, ila Kiswahili kilikuwa changu, nacho ndicho kilichonipa mdomo.

"Samahani mzee wangu," nikasema, "mbona humu mmechanganya? Pilau ni jina la Kiajemi. Kachumbari, la Kihindi. Sambusa imetoka kwa Waajemi ikapitia kwa Waarabu. Samaki naye jina la Kiarabu, wakati bahari ni yetu. Wazee wa Lamu na Mombasa wanamwita nswi. Nanasi hili jina lake la wenyeji wa Brazil, Wareno ndio waliolisambaza. Chai hiyo chimbuko lake China. Sukari iliyomo tumepewa na Waarabu, nao asili yake waliitoa Uhindi. Mwenyeji humu ni nyama, na maji ya kunawa."

Mama akacheka huko jikoni mpaka mwiko ukaanguka.

Mzee hakucheka. "Ungekuta ugali ungesemaje?"

"Ugali neno letu la Kibantu, mzee. Lakini mahindi yenyewe jina linatupeleka Uhindi, na mmea ulitoka Amerika. Kabla Kolumbasi hajafika huko mwaka 1492, hakuna babu wa huku aliyewahi kuyaona. Leo nani atasema ugali wa sembe si wa kwetu?"

Kimya. Nikajua nimeharibu. Bibie kaniangalia kama mtu aliyekwishazikwa.

Mzee akavuta sinia, akanimegea pande la nyama, akaliweka upande wangu. "Kula, pilau inapoa. Maneno mengi kama kondakta."

Posa haijajibiwa hadi ninapoandika haya. Ila nimeambiwa nirudi Jumapili, na safari hii wanapika ugali. Niombeeni!

Tukutane wiki ijayo.