BWANA SHAMBA ANAJIBU: Kwa nini televisheni ya zamani inaonyesha chenga?

Mkulima mmoja aliuza mbuzi wawili. Alikwenda mjini, akanunua televisheni ya zamani, ile yenye chogo. Alipofika nyumbani aliiwasha. Aliona chenga tupu. Akadhani ameuziwa televisheni mbovu. Je, ni kweli? Hebu tujifunze namna televisheni hii inavyofanya kazi.

Ukipanda mahindi, hupandi shamba zima kwa mara moja. Unapanda mstari kwa mstari. Televisheni nayo huchora picha mstari kwa mstari. Hapa Tanzania, kila picha ilikuwa na mistari 625. Picha 25 huchorwa katika sekunde moja. Kwa kasi hiyo, jicho halioni mistari. Linaona mtu anatembea.

Picha hufikaje nyumbani? Kamera hugeuza mwanga kuwa umeme. Mitambo huupakia umeme huo juu ya mawimbi ya redio, kama mzigo juu ya punda. Mnara huyatawanya mawimbi hewani. Antena huyanasa. Ndani ya televisheni, mwali wa umeme hupiga kioo kwa nyuma, nacho hung'aa.

Njia hii huitwa analojia. Mawimbi yakizuiwa na mlima, hudhoofika. Hapo chenga huingia katika picha. Mawimbi yasipokuwapo kabisa, huoni kitu ila chenga.

Zanzibar ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, kwanza Dar es Salaam. Siku hizi picha hutumwa kwa njia ya dijitali, yaani kwa tarakimu. Televisheni ya chogo haijui kusoma tarakimu hizo. Ni kama mtu asiyejua kusoma aliyepata barua. Anahitaji wa kumsomea. Msomaji huyo ni king'amuzi.

Yule mkulima aliazima king'amuzi kwa jirani. Picha ikatoka safi. Televisheni yake haikuwa mbovu.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, fanya haya:

1. Mwambie muuzaji aiwashe, akiwa ameiunga na king'amuzi. Uone picha kwa macho yako.

2. Tazama kama ina matundu ya waya. Tundu la njano ni la picha. Nyeupe na nyekundu ni ya sauti. Kama hayapo, mwulize fundi kwanza.

3. Weka fedha ya king'amuzi katika hesabu yako.

4. Usifungue chogo. Umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuizima. Unaweza kuua.

Maswali ya kujadiliana:

1. Televisheni ya chogo huchoraje picha?

2. King'amuzi kina kazi gani?

Mkulima anayeuliza kabla ya kununua hapotezi mbuzi wake.