Njaa Isiyo na Bando

Machi 2020, mara tu Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, picha zilizosambaa kwa kasi katika simu za wakazi wa Nairobi zilikuwa za foleni ndefu za supamaketi na vitoroli vilivyosheheni unga na mchele. Mjadala uliwaka Twitter na katika makundi ya WhatsApp kuhusu wanaohodhi chakula. Ulikuwa mjadala wa watu wanaoweza kununua chakula cha mwezi mzima kwa siku moja. Katika mitaa kama Kibera, Mathare na Mukuru, kaya nyingi hununua cha kula siku kwa siku: unga wa kupimiwa, mafuta ya kadogo, fungu la sukumawiki. Kwa kaya ya namna hiyo, rafu tupu si habari. Habari ni kibarua kilichoota nyasi.

Tarehe 27 Machi ilianza amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa moja jioni ndiyo saa ya mauzo kwa mchuuzi wa mboga na muuza chapati, kwa kuwa ndipo wafanyakazi wanaporudi nyumbani. Shule zilikuwa zimekwisha kufungwa, na mtoto aliyezoea kupata mlo wa mchana darasani akaongezeka kwenye sufuria ya nyumbani. Mambo haya hayakupigwa picha, kwa sababu hayapigiki picha. Kilichopigwa picha ni mkanyagano wa tarehe 10 Aprili huko Kibera, pale watu walipogombea msaada wa chakula na kujeruhiwa. Mwishoni mwa mwezi huo zikaenea habari za mama mmoja wa Mombasa aliyechemsha mawe ili wanawe wapate usingizi wakidhani chakula kinaiva.

Si haki kuibeza mitandao kwa hilo. Watu wengi walimtumia mama yule fedha kwa simu, na wakati huo kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kilitumwa M-Pesa bila ada. Ofisi gani ingemfikia kwa kasi hiyo? Lakini aliyefikiwa ni yule aliyeonekana, na bei ya kuonekana ilikuwa uso wake na umaskini wake mbele ya taifa zima. Sufuria za majirani zake hazikupata mpiga picha. Tena wapo ambao hawawezi kuilipa bei hiyo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na hajamwambia mtu yeyote nyumbani hatasimama mbele ya kamera kueleza kwa nini chakula kina uzito wa pekee kwake. Mwenye kifua kikuu, ambaye hamu yake ya kula hurejea kadiri dawa zinavyofanya kazi, ataona aibu kulalamikia njaa katika nyumba ambamo wote wana njaa.

Watu hawa hawana bando, lakini wana kadi ya kliniki. Hapo ndipo huduma za afya ziliposhindwa kutumia nafasi iliyokuwa mikononi mwake. Mlangoni mgonjwa alipimwa joto. Ndani alipimwa shinikizo la damu. Kisha akaambiwa ale mlo kamili. Ni nadra kuulizwa kama jana alikula. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini au kumeza glibenklamidi bila kula anaweza kushukiwa sukari hadi kuzirai. Akiacha dawa mwenyewe kwa kuogopa hilo, sukari hupanda na kumletea hatari nyingine. Katika faili huandikwa kwamba hafuati masharti ya dawa.

Muuguzi mwenye foleni ya watu 60 ana haki ya kuuliza: kuna faida gani kumhoji mtu kuhusu chakula ambacho kituo hakina? Faida ipo, hata ghala likiwa tupu. Daktari anayejua hali ya chakula huweza kubadili dawa, kipimo au saa za kuitumia, na kumpeleka mgonjwa kwa afisa ustawi wa jamii kabla hajaletwa kwa machela. Mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza maswali mawili tu: kama katika miezi 12 iliyopita familia iliwahi kuhofia kuishiwa chakula kabla ya kupata fedha, na kama chakula kiliwahi kuisha bila fedha ya kununua kingine. Majibu hayo, yakijumlishwa kwa mtaa na kwa wiki, yangeonyesha njaa ilipo kwa usahihi ambao hakuna mjadala wa simuni ungeufikia.

Kuna kishawishi kimoja cha kukataliwa: mhudumu mwenye huruma kurusha picha ya mgonjwa mtandaoni ili achangiwe. Ridhaa ya mwenye njaa kwa anayemtibu ina kasoro, maana hajui kama akikataa atahudumiwa vilevile. Naye mgonjwa asingoje kuulizwa. Aliyelala njaa amwambie muuguzi kabla ya kupokea dawa, tena chumbani, mlango ukiwa umefungwa.