Usisajili kemshafti kabla ya kuiuliza pistoni

MWAKA 1966 na tena 1967, mashindano ya magari ya East African Safari yalitwaliwa na dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, Bert Shankland, akiwa na mwongoza njia wake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1968 404 ikashinda tena, safari hiyo usukani ukiwa kwa Nick Nowicki, katika tope lililoacha magari saba tu yakimaliza kati ya zaidi ya 90 yaliyoanza. Kwa lugha ya uwanjani hiyo ni hat-trick, na ilipigwa ugenini kwa kila timu ya Ulaya iliyokuja na magari ya gharama.

Ndiyo maana inauma kuona 404 iliyolala miaka chini ya mwembe pale Tabora inafufuliwa kwa mbwembwe, halafu inakufa upya kabla haijamaliza tangi la kwanza la mafuta. Tatizo mara nyingi si fundi kutojua kufunga. Tatizo ni usajili. Mwenye gari ananunua kemshafti ya mashindano huku, pistoni kule, kila moja ina sifa zake, kisha anamkabidhi fundi na kumwambia zicheze pamoja Jumamosi.

Mashabiki wa Tabora hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Agosti 2023 timu yao, wakati huo ikiitwa Tabora United, ilishuka Azam Complex ikiwa pungufu kwa sababu ya mambo ya usajili, na mechi ikavunjika mapema Azam wakiongoza 4-0. Novemba 2024, kwenye uwanja ule ule, timu iliyopangwa ikapangika iliifunga Yanga 3-1. Jina lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni watu kuendana.

Sasa twende ndani ya injini. Kazi ya kemshafti ni kuamua valvu ifunguke lini, kwa kina gani na kwa muda gani. Ile ya mashindano hufungua zaidi na huchelewa kufunga. Kwenye mwendo mkubwa ni raha, injini inavuta hewa nyingi. Kwenye mwendo mdogo, pistoni inakuwa tayari inapanda wakati valvu ya kuingiza bado iko wazi, kwa hiyo sehemu ya mchanganyiko inarudishwa ilikotoka. Mgandamizo unashuka. Ukiweka kemshafti hiyo juu ya pistoni za mgandamizo mdogo, gari linakuwa bwege mpaka mshale wa mizunguko upande juu. Peugeot wenyewe walilijua hilo: 404 iliyopuliziwa mafuta kwa pampu ilipewa mgandamizo mkubwa kuliko ile ya kabureta.

Kinyume chake nacho ni balaa. Pistoni za mgandamizo mkubwa zikikutana na kemshafti ya kawaida na petroli hafifu, injini inagonga. Dereva akiendelea kukanyaga, kichwa cha pistoni kinatoboka.

Kuna mtego mwingine ambao unawapata hata mafundi wazoefu. Silinda ya 404 ya sentimita za ujazo 1,618 ina kipenyo cha milimita 84. Peugeot 504 ya 1,796 nayo ni 84. Mtu anapima, anakuta inaingia, anafurahi. Lakini mwendo wa pistoni kwenye 404 ni milimita 73, na kwenye 504 ni 81. Kabla ya kuifunga lazima ipimwe kutoka katikati ya pini hadi kichwani, ilinganishwe na ile iliyotoka, kisha ionekane inasimama wapi ikifika juu kabisa. Kuingia siyo kufaa. Winga wa kulia naye anaingia kwenye jezi ya kipa.

Hapo ndipo pistoni na valvu zinapogombana. Pistoni ikikaribia juu mwishoni mwa kutoa moshi, valvu ya kutolea haijafunga na ya kuingiza imeanza kufunguka. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hali hiyo inajirudia zaidi ya mara 40 kila sekunde. Hakuna nafasi ya kubahatisha. Wajenzi wengi hutaka angalau milimita 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa kutolea.

Kupima ni bei chee. Unabandika udongo wa kufinyangia wa watoto juu ya pistoni, unafunga hedi na gasketi yake, unarekebisha tapeti, unazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili, unafungua na kukata udongo kwa wembe uone unene. Ni kazi ya asubuhi moja. Fundi anayekataa kuifanya kwa sababu "amezoea" apewe kadi ya njano. Na kemshafti mpya isikalishwe kwenye tapeti zilizochakaa, zitakulana. Springi nazo zipimwe kama hazibanani pingili kwa pingili valvu ikifunguka kabisa.

Halafu kuna suala la njia yenyewe. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini inapoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya pumzi iliyo nayo Dar. Ndicho kinachowatamanisha wengi kemshafti kali. Ila huku magharibi, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ambayo Wanyamwezi waliitembea na mizigo mabegani, mpagazi hakusifiwa kwa kukimbia hatua mia za kwanza. Gari la huku linataka nguvu ya chini, ya kuvuta kwenye mchanga na vumbi. Kemshafti ya kawaida, au iliyozidi kidogo tu, na pistoni zilizouzwa pamoja na silinda zake kama seti moja, ndiyo kikosi cha kwanza.

Wauza vipuri nao wana deni. Anayeuza kemshafti ya mashindano bila karatasi ya vipimo vyake, yaani inainua valvu kiasi gani na inafungua na kufunga kwenye nyuzi ngapi, anauza mchezaji asiye na leseni. Mwenye 404 aidai karatasi hiyo dukani, kabla hajatoa hela.