Viyoyozi Majumbani: Fedha Zetu Zisipotee Hewani

Kila unapoingia msimu wa Kaskazi, joto la Unguja na Pemba hupanda hadi nyuzi 32 na 33 wakati wa mchana, na usiku kuta za matofali ya saruji huendelea kulitoa joto lililonywewa tangu asubuhi. Hiyo ndiyo miezi ambayo maduka ya vyombo vya umeme hujaa wateja. Mwalimu aliyejinyima kwa muda mrefu, mvuvi aliyepata bahari njema, kijana aliyeko ng'ambo anayempelekea mama yake fedha, wote hununua kitu kimoja: kiyoyozi. Zamani kilikuwa chombo cha hoteli na cha ofisi za wakubwa. Leo si ajabu kukiona Mpendae, Wete au Chake Chake, kimeangikwa ukutani mwa nyumba ya mtu wa kawaida.

Sisi hatumwonei gere mtu yeyote anayetafuta usingizi. Mzee mwenye maradhi ya moyo, mama aliyejifungua na mtoto mchanga wanahitaji hewa iliyotulia, na hiyo si anasa. Linalotusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo zinazopatikana kwa jasho hupotea. Mashine ambayo ingeweza kudumu miaka kumi hufa katika mwaka wa pili au wa tatu. Mwenye nyumba hulaumu bahati yake, fundi hulaumu umeme, na mwenye duka husema alikwisha uza. Aghalabu hapo pana makosa matatu: ya kuchagua, ya kufunga na ya kutengeneza. Yote matatu yanaweza kuepukwa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya chombo hiki. Kiyoyozi hakiumbi baridi. Ni pampu ya joto: hulichota joto lililomo chumbani na kulimwaga nje. Gesi iliyo ndani ya mirija ya shaba huvukizwa chumbani, na kwa kuvukizwa hunywa joto, kama vile maji yakaukayo mwilini yanavyomburudisha mtu aliyetoka kuoga. Kisha kompresa huishindilia gesi hiyo hadi ikawa ya moto kuliko hewa ya nje, ikautua mzigo wake huko na kugeuka majimaji, ikapitishwa penye tundu jembamba na kurudi ndani ikiwa baridi. Mzunguko huo ukigeuzwa, mashine ya namna hiyo hiyo hupasha nyumba moto. Ndivyo waitumiavyo watu wa Norway, nchi iliyosaidia gharama za waya wa umeme uliofika Pemba kutoka Tanga mwaka 2010. Wao huchota joto kutoka katika hewa ya barafu na kulitia ndani, sisi tunalitoa. Na kwa kuwa joto huhamishwa tu, uniti moja ya umeme katika mashine nzuri yaweza kuhamisha uniti tatu za joto au zaidi. Faida hiyo lakini ni ya mwenye mashine iliyochaguliwa vyema, ikafungwa vyema na ikatunzwa.

Katika kuchagua, mnunuzi hutanguliza kuuliza bei, hali la kutanguliza ni ukubwa wa chumba. Chumba cha kulala cha futi 12 kwa 12 chenye dari kwa kawaida hutoshelezwa na mashine ya BTU 9,000. Ukumbi, au chumba kilicho chini ya bati tupu, huhitaji 12,000 na pengine 18,000. Mashine ndogo kupita kiasi haipumziki usiku kucha. Kubwa kupita kiasi huzima na kuwaka kila mara, ikapoza hewa bila ya kuiondoa unyevu, na mwenye nyumba akalala katika ubaridi wa majimaji. Zipo mashine za inveta, ambazo kompresa yake huongeza na kupunguza mwendo kwa kadiri ya haja. Bei yake ni kubwa dukani, lakini kwa nyumba inayokitumia kiyoyozi kila usiku, tofauti hiyo hurudi katika ununuzi wa umeme. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 ifanyayo kazi bila kupumzika hula takriban uniti moja kwa saa. Mwenye nyumba na ahesabu mwenyewe ni saa ngapi kwa usiku, na usiku ngapi kwa mwezi. Wala asisahau kwamba joto lisiloingia halihitaji kutolewa: dari, pazia nzito na mti upande wa jua la alasiri hupunguza kazi ya mashine yoyote.

Hatari kubwa zaidi imo katika mashine kuukuu ziletwazo kutoka nchi za nje na kuuzwa kwa bei ya kutamanisha. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Nyingi za mashine za zamani hutumia gesi iitwayo R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za jamii hiyo kwa asilimia 35 ifikapo mwaka 2020, kwa asilimia 67.5 ifikapo mwaka 2025, na kuyakomesha mwaka 2030, isipokuwa sehemu ndogo mno ya matengenezo. Anayenunua leo mashine ya R22 ananunua chombo ambacho chakula chake kinaondolewa sokoni. Mbali ya ozoni, kilo moja ya gesi hiyo ikivuja huitia dunia joto sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka mia. Gesi ya R410A, isiyodhuru ozoni, hufikia kilo 2,088. Ile ya R32 ni 675. Sisi tunaoishi visiwani, ambao bahari iko mlangoni petu, hatuwezi kuzitazama tarakimu hizo kama habari za watu wengine.

Tuje kwenye ufungaji. Adui wa kwanza wa kiyoyozi katika visiwa hivi ni chumvi. Mapezi ya alumini yaliyoshikana na mirija ya shaba huliwa upesi penye chumvi na unyevu, na atakayeiweka sehemu ya nje ikielekea bahari ya Paje au Jambiani wakati wa Kusi asishangae kuyaona mapezi yamekuwa unga. Sehemu hiyo na iwekwe upande uliokingwa na upepo wa pwani, juu ya ardhi kwa kuogopa maji ya Masika, na pawepo nafasi ya kutosha ya kupumulia. Mwenye uwezo na atafute mashine ambayo mapezi yake yamepakwa dawa ya kuzuia kutu. Kila baada ya muda ioshwe kwa maji matamu, yasiwe ya kisima cha chumvi.

Adui wa pili ni haraka ya fundi. Mirija ikisha kuunganishwa, hewa na unyevu vilivyomo ndani lazima vinyonywe kwa pampu maalumu, kisha itazamwe geji kama inasimama pale pale. Wako wanaoiruka kazi hiyo na kuifukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo nje. Unyevu unaobaki huchanganyika na mafuta ya kompresa na kuyaharibu taratibu, na kifo cha mashine hutokea miezi mingi baadaye, wakati fundi amekwisha sahauliwa. Wengine, na hili twalisema kwa msisitizo, hupimia uvujaji kwa oksijeni ya wachomeleaji. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa yaweza kulipuka na kuua. Kinachotakiwa ni naitrojeni kavu. Aidha, gesi ya R32 yaweza kushika moto, ijapokuwa si kwa wepesi, na kwa hiyo haifai kuchezewa karibu na moto wala kutiwa katika mashine isiyotengenezewa gesi hiyo. Kila kiyoyozi na kiwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, na waya wa ardhini uliofungwa kweli. Kiwe pia na kinga inayokichelewesha kuwaka kwa dakika chache umeme urudipo, kwani umeme unaorudi kwa kishindo umeziunguza kompresa nyingi.

Mji Mkongwe unastahili neno lake peke yake. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta zake ni za mawe na chokaa. Maji yanayotona mchana kutwa kutoka kwenye kiyoyozi kilichoangikwa kichochoroni humlowesha mpita njia, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba huulainisha ukuta, na chokaa iliyolowa haishiki. Sehemu za nje ziwekwe juu ya paa au katika ua wa ndani, na maji yaongozwe kwa mpira hadi kwenye mfereji. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe imekuwapo tangu mwaka 1985, na mwenye nyumba hana sababu ya kutoboa ukuta kabla ya kuiuliza.

Katika matengenezo ndimo wananchi wanamoumizwa mno. Mashine haipozi, fundi anaitwa, anafunga geji, anasema gesi imekwisha, anajaza, analipwa. Baada ya mwezi au miwili anaitwa tena. Tunataka kila msomaji alishike jambo hili: gesi ya kiyoyozi si mafuta ya taa yanayoungua yakaisha. Huzunguka humo humo maisha yote ya mashine. Ikipungua, imevuja, na penye uvujaji pana tundu. Fundi anayejaza bila ya kulitafuta tundu anauza gesi, hajatengeneza kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika shauri hili ukuta wenyewe ni kompresa mpya. Tena mara nyingi gesi haina kosa lolote: chujio limejaa vumbi, au mapezi ya nje yamezibwa na uchafu. Chujio husafishwa na mtoto wa skuli kwa maji ya bomba, walau mara moja kwa mwezi, na kazi hiyo haina malipo.

Shauri hili si la nyumba moja moja tu. Sehemu kubwa mno ya umeme wetu huja chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Wazee kwa vijana wanakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, karibu miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 ulituondolea dhiki ile, lakini hakuna waya usio na kikomo. Kila kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha kwa sababu ya chujio chafu ni mzigo juu ya waya ule ule unaotegemewa na hospitali na pampu za maji.

Hapa hatuna budi kusema na waheshimiwa wa Serikali. Ni nani asiyepata kuingia katika ofisi ya umma akakuta kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, dirisha liko wazi, na karani amejifunika shali? Kukiweka nyuzi 18 hakukipozi chumba kwa haraka zaidi. Hukifanya tu kisipumzike. Nyuzi 25 zinamtosha mtu anayefanya kazi ameketi. Na ni mara ngapi mashine hununuliwa kwa zabuni ya bei ndogo kuliko zote, pasiwepo hata fungu la kuzisafisha? Raia atajifunza kwa anayoyaona, kuliko kwa anayoambiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. La kwanza, Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, pamoja na maofisa wa forodha, waweke macho makali zaidi bandarini: mashine ya R22 isipite, na kila mashine iuzwayo iwe na lebo inayoonyesha kwa Kiswahili aina ya gesi na kiasi cha umeme inachokula. La pili, fundi anayeshika gesi awe na cheti anachoweza kumwonyesha mwenye nyumba. Hatutaki amri hiyo iwe fimbo ya kuwafukuza vijana waliojifunza kazi kwa kuangalia. Wengi wao wana mikono mizuri, na wanachokosa ni mafunzo na vyombo. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na vituo vya mafunzo ya amali, Unguja na Pemba, vinaweza kuwafungulia madarasa ya jioni, ili wasome bila ya kuacha riziki zao. La tatu, pampu za kunyonya hewa na mitungi ya kurudishia gesi kuukuu ni ghali kwa fundi mmoja. Vinunuliwe kwa ushirika na viazimwe kwa ada ndogo, ili pasiwepo kisingizio cha kuimwaga gesi hewani. La nne, kila wizara itenge fungu la matengenezo kabla ya kununua mashine nyingine mpya.

Nao wananchi wana sehemu yao. Asilipwe fundi kabla hajaonyesha tundu alilolikuta na jinsi alivyoliziba. Idaiwe risiti dukani, na karatasi ya dhamana isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mama anayeletewa kiyoyozi na mwanawe aliyeko mbali anastahili kulala akiburudika kwa miaka kumi. Miwili haitoshi, kisha akabaki na bati lenye kutu ukutani pake.