Bustani ya nyumba ihesabiwe mwezi wa nane



Kila mwaka, mwezi wa tano, sisi waagronomu tunapanda pikipiki na kuzunguka vilimani, karatasi mkononi. Tunahesabu bustani za nyumba. Hapa mistari minne ya shu, pale mistari mitatu ya karoti na kidogo ya puaro. Tunaandika, tunapiga picha, tunasalimia, tunarudi. Ripoti inakuwa nzuri sana. Lakini mwezi wa tano kila kitu ni kijani. Hata mtu asiyejua kushika jembe ana majani nyuma ya jiko.

Halafu mvua inakatika. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Huku kwetu Kabare, Walungu na Kalehe udongo unakuwa vumbi, maharagi yamekwisha kuvunwa, mbuzi na kuku wanafunguliwa, na zile bustani tulizohesabu hazionekani tena. Yanabaki mashina ya shu yaliyokauka na miti ya tutora ambayo mtu ameshaanza kuchukua kwa kuni. Ndiyo miezi ambayo fungu la lengalenga sokoni linakuwa dogo na bei inapanda. Na katika miezi hiyo, tuseme ukweli, sisi hatupiti kuhesabu.

Kwa hiyo maoni yetu mwaka huu ni mafupi: bustani ya nyumba ihesabiwe mwezi wa nane. Na tukikubali kuihesabu mwezi huo, itatubidi kubadilisha mambo mengi tuliyokuwa tunawafundisha.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Pale chuoni tulifundishwa mistari na kilo. Mistari ni vizuri, kilo pia ni vizuri, koperative haiwezi kuishi bila kilo. Lakini tulikuja na kamba na mita mpaka nyuma ya nyumba ya mama, tukaona mchaichai, maua, maboga yanayotambaa na lengalenga iliyoota yenyewe, tukasema: huu ni uchafu, utoe, panda shu. Tulifanya hivyo kwa nia njema. Tulikuwa tumebeba pakiti za mbegu, na pakiti zilikuwa za shu na karoti.

Mama mmoja wa Kabare alitusikiliza nusu. Upande mmoja aling'oa, akapanda shu kwa mstari kama tulivyotaka. Upande wa karibu na mlango wa jiko alikataa. Alisema: "Hapa ni pangu pa kupumuzika. Muniachie." Pale palikuwa na mchaichai, seleri, mti mmoja wa mubirizi, maua mekundu anayopeleka kanisani siku ya Mungu, na lengalenga katikati. Sisi tuliandika kwamba ana nusu bustani.

Tulirudi kwake mwezi wa nane, kwa bahati tu, kwa ajili ya shauri la mbegu za maharagi. Upande wa shu ulikuwa kama barabara. Upande wa jiko ulikuwa kijani, na alikuwa amechuma lengalenga asubuhi hiyo. Tukamuuliza maji anatoa wapi, kwa sababu chemchemi iko chini ya kilima. Akacheka: "Ni yale maji ya kuoshea mboga na ya kunawa mikono. Nikikaa pale mangaribi, siwezi kuona maua inalala na kiu."

Tulirudi njiani tukiwa kimya. Maji yale yangeweza kumwagiwa shu pia. Hayakumwagiwa, kwa sababu shu ilikuwa ya mradi, na maua yalikuwa yake. Na lengalenga iliyoliwa na watoto mwezi wa nane ilipata maji kwa sababu ilikuwa jirani ya maua.

Hapo ndipo tunataka koperative zifikiri. Kumwagia bustani wakati wa kiangazi ni kazi ya kila siku, na hakuna anayekulipa. Bido la litri 20 linatosha kama metre 4 za mraba kwa siku moja. Mtu atapanda kilima na bido hilo kichwani kwa sababu gani? Posho ya mradi itakwisha. Hofu ya agronomu itakwisha pia. Kinachobaki ni kwamba mtu anapapenda mahali pale: anajua harufu yake, anakunywa chai yake, jirani anapita na kusema "kwako kumependeza". Mambo hayo hatukuwa na sehemu ya kuyaandika katika karatasi yetu.

Tunajua mtakachosema. Katika mkutano mmoja baba mmoja alisimama: "Sisi tuko na njaa, nyinyi munatuletea mambo ya maua?" Neno lake ni zito, na hatulichezei. Mashamba ni madogo, watoto ni wengi, na ardhi karibu na nyumba ni ile kidogo ambayo mama anaamua mwenyewe cha kupanda. Basi tumjibu kwa mambo ya shamba.

Boga lina maua dume na maua jike, kila moja peke yake. Ua jike utalijua kwa kaboga kadogo kalicho chini yake. Nyuki asipopita kutoka dume kwenda jike, kale kaboga kanakuwa ka njano na kuanguka, na wewe unalaumu udongo. Marakuja vilevile inasaidiwa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa miti. Nyuki hawakai mahali ambapo kuna ua juma moja tu kwa mwaka. Mahali penye maua mwezi hata mwezi, wanapajua na wanarudi.

Yale maua ya rangi ya chungwa yenye harufu kali, tagete, ukiyapanda msimu mzima mahali utakapoweka nyanya baadaye, mizizi yake inapunguza minyoo midogo ya udongo inayofanya vifundo kwenye mizizi ya nyanya. Hayafukuzi kila mdudu, kama wengine wanavyosema, lakini kwa minyoo ile yanasaidia. Na titonia, yale maua marefu ya njano ya kando ya barabara ambayo hakuna anayeyapanda kwa sifa, ni mbolea. Kata matawi mabichi, yakatekate, fukia juma moja au mbili kabla ya kupanda. Yanaoza upesi na kuacha chakula kingi katika udongo. Ukiyapanda kwa mstari yanafanya pia ua wa kuzuia mbuzi. Baba yule alitaka chakula, na sisi pia. Ila chakula hicho kinapita katika maua.

Sasa tutazame mwaka mzima, kwa sababu bustani ya nyumba haina "msimu umekwisha".

Mwezi wa tisa mvua inaporudi, watu wote wanakimbilia shamba la maharagi na mahindi. Ni haki yao. Siku hizo bustani inataka saa moja tu: kumwaga mbegu za lengalenga na isogi, na kuchomeka boga kando ya shimo la takataka. Baada ya juma tatu au nne lengalenga inaanza kuchumwa. Ukikata ncha bila kung'oa mzizi, inatoa matawi mengine na unachuma tena. Hiyo ndiyo mboga ya wakati wa palizi, wakati chakula cha shamba bado kiko ardhini.

Mvua kubwa inataka matuta yaliyoinuka ili maji yasilale kwenye mizizi. Nyanya zinaugua sana wakati huo, basi msijilaumu. Ziweke chini ya upenu au mngojee mvua ipungue. Ni wakati mzuri wa kugawanya mashina ya mchaichai na kumpa jirani, na wa kuchomeka vijiti vya mubirizi na vya matembele. Vitu hivi havinunuliwi. Vinatoka mkono kwa mkono.

Mwezi wa tano, wakati sisi tunakuja kuhesabu, nyinyi muwe mnatayarisha kiangazi. Geuzeni matuta: yaliyokuwa juu yashuke chini, yawe kama sahani, maji yabaki ndani. Funikeni udongo kwa majani makavu ya ndizi. Punguzeni ukubwa. Metre 4 zenye maji kila siku zinalisha nyumba kuliko metre 20 zinazokufa. Anayekosa nafasi ajaze mfuko udongo na mbolea ya ng'ombe, aweke nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yafike chini, apande juu na ubavuni. Maji ya kuosha mboga na kunawa mikono yasimwagwe njiani. Yale yenye sabuni nyingi yaende kwenye maua na ua wa titonia, si kwenye majani ya kula.

Na muache mmea mmoja au miwili mizuri kuliko yote iote mpaka itoe mbegu. Kichwa kimoja cha lengalenga kinatoa maelfu ya mbegu. Kikaushe kivulini, kisugue, pepeta, weka katika chupa kavu iliyofungwa vizuri. Shu haikupi nafasi hiyo: inataka baridi ndefu kabla ya kutoa maua, na nyingi ya mbegu za pakiti, ukipanda watoto wake, hawafanani na mama. Hatusemi mng'oe shu. Shu inauzika, na yenye kuuzwa ikae shambani, katika hesabu za koperative. Lakini bustani inayotegemea pakiti inangojea gari. Na nyinyi mnajua kuliko sisi barabara zetu zinavyofungwa, mara kwa mvua, mara kwa vita. Siku gari haliji, aliye na chupa ya mbegu juu ya jiko anapanda.

Basi tunaomba nini kwa kamati za koperative?

Kwanza, mwezi wa nane mtume watu wawili wapite nyumba kwa nyumba na swali moja tu: "Jana mulikula mboga ya wapi?" Bustani, soko, ao hakuna. Tunapenda kusema mali bila daftari huisha bila habari. Haya, franka ambayo mama hakutoa sokoni ni mali pia, na mpaka leo haina daftari.

Pili, kila koperative iwe na sanduku la mbegu za mboga za kwetu. Anayechukua kijiko kimoja anarudisha viwili baada ya mavuno.

Tatu, siku moja ya mwezi wa saba, mchana baada ya ibada, watu watembeleane bustani. Bila mkutano, bila posho, bila sisi kama hamtaki. Kila mmoja aende na kitu mkononi, kijiti ao kichwa cha mbegu ao shina la ua, na arudi na kingine. Tumeona katika vilima vingine kwamba mtu anayetarajia wageni anamwagia maji.

Nne, hili ni la wababa. Bido la kiangazi lisiwe la mama na watoto peke yao. Mkulima anayejisifu kwa kahawa yake anaweza kupanda na litri 20 jioni. Na chai ya mchaichai atakunywa yeye pia.

Kwa upande wetu, tumeomba wakubwa wetu ratiba ibadilishwe ili tuje wakati wa vumbi. Hesabu itashuka. Mahali tulipoandika bustani nyingi tutaandika chache, na wenye kusoma ripoti watatuuliza tumefanya nini na mradi. Tutawajibu. Ni afadhali hesabu ndogo ya bustani zinazolisha mwezi wa nane kuliko kubwa ya bustani za picha.

Mama yule wa Kabare tulimwandika upya. Tulifuta neno "nusu". Yeye hakujali sana karatasi yetu. Alitukatia mashina matatu ya mchaichai, akayafunga katika jani la ndizi, akatuambia tuyapande leo leo, yasikauke njiani.